Karatasi ya Moyo wa Yaya

Mwezi uliopita goti langu la kulia lilikataa ngazi za kanisa, na daktari mmoja kijana akaniandikia mazoezi ya viungo. Kabla ya kunituma kwa yule anayefanyisha mazoezi aliuliza kama niliwahi kupimwa moyo kwa mashine. Nikajibu hapana. Nilijibu upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Kesho yake nilirudi, nikakaa tena kwenye benchi mpaka saa sita, nikamwambia ukweli: nilipimwa mara mbili, zamani, wakati Katanga ilipojitenga. Akachukua kalamu, akauliza matokeo yalikuwaje. Nikamwambia yalikuwa mazuri mara zote mbili, ila mara ya kwanza yaliandikwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo alikufa. Kalamu ikasimama. Nje wagonjwa walikuwa wengi, nikaona si vizuri kumweleza yote pale. Afadhali niyaandike.

Mtu huyo alikuwa kaka yangu mkubwa. Kwetu kaka au dada mkubwa huitwa yaya, na mimi sikumwita kwa jina lingine mpaka anakufa. Alinizidi miaka kumi na mmoja. Baba yetu alifia kule kaskazini nikiwa mdogo, na yaya, aliyekuwa ametangulia kuja na gari la moshi kutafuta kazi kwenye tanuri la shaba, akaagiza niletwe. Alinisomesha kwa mapadri mpaka mwaka wa tano. Akili yangu ilipoishia hapo hakunikaripia. Alinishika mkono, akanipeleka mtaa wa Kamalondo kwa fundi wa nguo, akamwambia, "Huyu mikono yake iko muzuri kupita kichwa." Tangu nijue kushona, kila suruali aliyovaa yaya niliishona mimi.

Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele nitasema kwamba nilijua, na mtu anaweza kuuliza nilijuaje. Nilijua kwa kamba ya kupimia. Mwaka ule nilipanua kiuno cha suruali zake mara mbili, na huku mabega ya koti lake yanazidi kulegea. Mtu anayenenepa hanenepi hivyo. Jioni akivua soksi, alama ya mpira ilibaki imezama kwenye nyama juu ya kifundo, na ningeweza kulaza ncha ya kidole ndani yake. Alikuwa halali chali tena. Mkewe alimwekea mto, na juu ya mto gunia lililokunjwa, akalala kama mtu aliyeketi. Tulisema ni moshi wa tanuri. Kila mwanamume wa kambi alikuwa na moshi wa tanuri.

Kisha behewa la mawe likambana mguu kazini, ukavunjika chini ya goti. Alikaa na plasta miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu mji ukawa mwingine. Askari wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu, walikuwa upande huu, askari wa Katanga upande ule, na siku nyingine risasi zilipita juu ya mabati yetu. Gari la moshi la kaskazini lilikuwa limesimama. Sisi tuliotoka huko tuliangaliwa kwa jicho baya, tukiambiwa ndugu zetu wanapigana na serikali ya Katanga. Watu wengi wa kwetu waliacha nyumba zao na kwenda kulala chini ya maturubai nje ya mji, wengi mno, katika matope. Yaya hakwenda. Alikuwa na nyumba ya matofali katika kambi ya kampuni, na bomba la maji, na unga wa posho kila juma. Lakini nyumba ilikuwa ya mtu mwenye namba ya kazi. Akikosa namba, nyumba inakwisha siku hiyo hiyo, naye, mkewe na watoto wawili wangekwenda kwenye maturubai.

Ndiyo maana kila mmoja wetu aliogopa viziti. Viziti ilikuwa siku ya kupimwa na daktari wa kampuni. Unavua shati, unakohoa, unapanda kwenye mizani, na mwisho wanakupigia muhuri: unafaa, au hufai. Hatukujua kipimo cha namna nyingine. Kwetu sisi kupimwa kulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na milango miwili ya kutokea.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba kama wa mtoto, na yaya akatumwa kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali. Kilikuwa na ngazi za mbao ukutani, vyuma viwili vya kushika unapojifunza kutembea, mifuko ya mchanga iliyofungwa kwenye kamba na gurudumu, na katikati ngazi fupi ya vipandio viwili, ya kupanda upande huu na kushuka upande ule. Aliyekisimamia alikuwa mtawa mmoja Mbelgiji wa makamo, tuliyemwita Ma Sœur kama tulivyowaita watawa wote. Wazungu wengi walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki. Saa yake ilining'inia kifuani juu ya kanzu nyeupe, na alipomshika mgonjwa mkono kuhesabu mapigo, midomo yake ilicheza bila sauti, ungedhani anasali rozari.

Mimi nilimsindikiza yaya kila mara ili ashike bega langu njiani. Siku ya kwanza Ma Sœur alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Akamshika kifundo cha mguu uliokuwa mzima, akabonyeza kwa kidole gumba, akaangalia shimo likikawia kujaa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha misheni:

"Leo hakuna ngazi. Kwanza uniletee karatasi ya moyo."

"Nilivunjika muguu, Ma Sœur," yaya akasema. "Moyo haikuanguka."

"Mguu ndio unaopanda, lakini moyo ndio unaobeba. Nikiuamuru mguu, ninauamuru na moyo. Sitaki kuuamuru bila kuujua."

Alimwandikia kijikaratasi cha kwenda kwenye mashine. Daktari aliyemfahamu yaya miaka mingi alikuwa ameondoka, na huyu mpya alizisoma karatasi ofisini bila kuwaona wenyewe. Tulirudi nyumbani. Yaya alisimama mara tatu kati ya hospitali na kambi, kila mara akijifanya anatengeneza gongo lake la kutembelea.

Nyumbani mkewe alikuwa amekwenda bombani. Yaya akaketi kwenye kitanda, akanitazama kuanzia miguu hadi kichwa, kama mimi ninavyomtazama mteja.

"Mudogo," akasema, "batu banasema tunafanana."

"Banasema."

"Karte ya kazi haina picha. Iko namba tu. Utaenda weye, utalala pale mu fasi yangu. Moyo yako iko muzima."

Nikamwambia, "Yaya, na kama uko mugonjwa kweli?"

"Kama niko mugonjwa, nitakuwa mugonjwa ndani ya nyumba yangu. Si mu turubai."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ningeweza kukataa. Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilikubali kwa kumpenda au kwa kuwa sikuzoea kumkatalia, na sijapata jibu la kweli, kwa hiyo siandiki jibu. Alinifundisha namba yake mpaka nikaijua kama Baba Yetu. Nilivaa koti lake. Nilifunga bendeji kwenye mguu wangu mzima, nikachukua gongo.

Kwenye benchi nje ya chumba cha mashine tulikuwa wanaume wanne. Mmoja, mzee wa tanuri, alikuwa na hofu na kwa hiyo alicheka sana.

"Ile mashini inaandika yote yenye iko mu moyo," akasema. "Mutu ulimupendaka mbele ya kuoa bibi yako, inaandika."

"Basi moyo yako, batakosa karatasi," jirani yake akamjibu. "Bataenda kununua ingine Bruxelles."

"Cheka tu. Ma Sœur atakusomea mu misa."

Nami nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Muuguzi aliita namba, nikainuka na gongo. Alikuwa mgeni, ameletwa kutoka hospitali nyingine, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alinilaza kwenye meza, akanipaka dawa nzito na baridi mikononi na miguuni, akafunga vibati kwa mikanda ya mpira. Alipofika kwenye bendeji nilishika pumzi. Aliitazama tu, akafunga kibati juu yake, palipokuwa na ngozi. Akanibandika kikombe cha mpira kifuani, akakisogeza hapa na pale. Kalamu ya mashine ikaanza kucheza, na utepe wa karatasi ukatoka polepole, mrefu, wenye vilima vidogo na mwiba mmoja mrefu, tena vilima, tena mwiba. Niliona uzuri wake. Nilikuwa sijui kwamba ndani yangu kuna mshono ulionyooka hivyo.

"Mzee," muuguzi akasema akikata karatasi, "uko na moyo ya kijana."

Siku mbili baadaye daktari alitia sahihi. Yaya alifurahi kwa namna niliyoiona mara chache. Alisimama bombani, mbele ya wanawake wenye ndoo, akasema kwa sauti, "Mashini ya bazungu imesema niko na moyo ya kijana!" Alilirudia jambo hilo kwa majirani, kwa katekista, na kwa baba mkubwa wetu aliyekuja kumsalimu kutoka Kamalondo. Nilifikiri ni mzaha. Baadaye niliona kwamba alikuwa ameanza kuamini. Labda mtu akilisema jambo mara nyingi, kifua chake mwenyewe kinamsikiliza.

Ma Sœur aliisoma karatasi akiwa amesimama karibu na dirisha. Aliitazama, akamtazama yaya, akaitazama tena. Akachukua kile chombo cha kusikilizia, akakirudisha mfukoni. Nadhani alikuwa amechoka kutojiamini katika mji ambao kila mtu alimwambia aondoke. Akasema, "Bon. Tuanze."

Juma la kwanza lilikuwa la vyuma viwili na mifuko ya mchanga. Yaya alitoka jasho hata kwenye nyusi, lakini mguu ulirudi. Alitembea bila gongo kutoka ukuta hadi ukuta, na watu wakampigia makofi. Juma la pili, ngazi. Kupanda viwili, kushuka viwili, kuzunguka, kupanda tena, Ma Sœur akimshika mkono kila baada ya mizunguko na kuangalia saa yake. Siku ya kwanza mitano. Siku ya pili minane. Siku ya tatu, alipofika wa nane, niliona midomo yake imebadilika rangi. Mimi ni fundi wa nguo, najua rangi. Ma Sœur alimshika mkono, akahesabu, akakunja uso, akahesabu tena. Akageuka kuitazama ile karatasi iliyobandikwa katika faili juu ya meza.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, gongo lake mkononi mwangu. Maneno yalikuwa machache: si yake, ni yangu. Yaya alinitazama juu ya bega la mtawa, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Mara moja zaidi," Ma Sœur akasema, "halafu basi."

Alipanda. Juu ya kipandio cha pili alisimama, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Akasema, "Mudogo, maji." Akakaa chini pale juu, polepole, kwa adabu, akaegemeza kichwa kwenye nguzo ya mbao. Nilipofika na kikombe Ma Sœur alikuwa amemlaza sakafuni na anamgandamiza kifua kwa mikono miwili, kitambaa chake cha kichwa kimeanguka. Niliona nywele zake, fupi na za mvi. Aligandamiza muda mrefu sana. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, na sikumwaga hata tone.

Kilio kilifanyika katika ua wa baba mkubwa, Kamalondo, kwa sababu nyumba ya kambini tulipewa siku chache za kuihama. Mjane, mke wa yaya, ambaye kwa desturi yetu nilimwita mulamu, alinyolewa na kuketishwa chini bila mkeka. Siku ya tatu wazee wa ukoo waliketi kuuliza kifo kimetoka wapi. Sisi ni Wakristo, katekista alikuwapo, lakini swali hilo huulizwa.

Baba mkubwa alisema polepole, huku ameshika kofia yake kwenye magoti.

"Kama angekuwa mugonjwa, tungesema Mungu amemuita. Lakini mutoto yangu aliniambiaka kwa kinywa yake: mashini ya bazungu imesema moyo iko ya kijana. Moyo ya kijana haisimame yenyewe. Njo maana nauliza: nani alikuwa anamupikiaka?"

Macho yote yakamwendea mjane pale chini. Shangazi mmoja akasema kwamba huyu mwanamke alikuwa akimlalisha mumewe ameketi, ni nani aliyewahi kuona mume analazwa hivyo? Mwingine akasema suruali zilipanuliwa mara mbili, tumbo lilikuwa limejaa kitu. Suruali nilizipanua mimi, kwa mkono wangu. Mulamu hakulia wakati huo. Aliinua uso akanitazama mimi.

Nilikuwa na sahani ya bukari, ugali wetu, mapajani. Nilikata kipande, nikachovya, nikala.

Walimwachia nguo zake na sufuria moja. Watoto walibaki kwa baba mkubwa, kwa kuwa kwetu watoto ni wa ukoo wa baba. Mulamu akaenda kwa mama yake kule Kipushi, kwa miguu, katika siku ambazo barabara ilikuwa na vizuizi vya askari.

Nilikaa majuma sita. Nilishona vibaya, fundi wangu akafumua kazi yangu mbele ya wateja. Asubuhi moja nilichukua baiskeli bila kuaga, nikaenda Kipushi. Nilimkuta mulamu nje ya nyumba ya mama yake anamenya karanga. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Nilisimama na baiskeli, nikamwambia yote, kuanzia koti mpaka gongo. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Najua," akasema. "Aliniambiaka siku ile ile. Nilimukaripia sana. Akasema, imekwisha, usimufanye mudogo yangu kuogopa."

"Ulijua? Basi juu ya nini haukusema kwenye kilio?"

"Mujane anasema nini kwenye kilio? Wangesema natafuta mutu wa kumutupia kosa." Akatupa ganda. "Nilikungojea weye. Siku tatu nilikuangalia. Ulikuwa unakula."

Nikainama kuliokota lile ganda.

"Haukunikosea miye tu," akasema tena. "Watoto wangu wanalala wapi? Usije hapa kunililia. Enda useme kule batu balisikia."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Baba mkubwa alinisikiliza, kisha akacheka kwa huzuni, na shangazi zangu wakacheka zaidi.

"Mutoto huyu anamutaka bibi ya yaya yake," mmoja akasema. "Anataka kumurithi, njo anamusafisha kwanza."

"Si kweli, mama."

"Mashini ilisema mambo yake, na weye unasema mambo yako," baba mkubwa akaniambia. "Tuamini gani? Mashini haina mulamu."

Hapo nikaelewa kwamba neno langu lilikuwa jepesi kuliko ile karatasi. Kama karatasi ndiyo iliyomfunga mulamu, karatasi ndiyo ingemfungua. Nikaenda kwa Ma Sœur.

Chumba cha mazoezi kilikuwa kitupu. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikaongeza kwamba tulifanya hivyo ili yaya asikose nyumba, asipigiwe muhuri wa hufai. Alikaa kwenye ngazi ile ile ya vipandio viwili. Hakunipigia kelele.

"Nani aliwaambia ningempigia muhuri?" akauliza.

"Hakuna, Ma Sœur. Kupimwa njo vile."

"Mimi sikutaka karatasi ile ili nimfukuze. Nilitaka kujua nimpe kiasi gani." Alinyoosha mikono yake, akaitazama. "Kama ningeiona ile yake, angefanya mazoezi ameketi. Mfuko mdogo wa mchanga. Dakika chache, kupumzika, dakika chache. Kwanza dawa ya kutoa maji miguuni. Angetembea polepole zaidi, lakini angetembea. Nilisikia kifuani mwake kitu kibaya, na nikaiamini karatasi kuliko sikio langu. Mimi ndiye niliyesema mara moja zaidi."

Tulikaa pale wawili. Nilifahamu kwamba nilikuwa nimemfanya muuaji bila yeye kujua, na kwamba sasa nimekuja kumwambia.

Nilimwomba anipime tena, ili wazee waone kwamba moyo ni uleule. Aliniambia huenda mistari haitasema hivyo waziwazi. Umeme ulikuwa umekatika. Nilirudi mara mbili ukiwa bado haujawaka, na mara ya tatu, ulipowaka, alinifunga vibati yeye mwenyewe, miguu yote miwili mitupu. Kalamu ikacheza. Alipokata utepe aliuweka juu ya ule wa kwanza, akaubandika kwa vidole kwenye kioo kilichobaki, mwanga ukapita.

"Angalia," akasema. Kwenye kila mwiba mrefu, upande wa kushukia, palikuwa na kijino kidogo, kama sindano iliyoruka uzi. Katika karatasi ya kwanza kilikuwapo. Katika ya pili kilikuwapo, mahali palepale. "Hakikuumizi. Umezaliwa nacho. Lakini ni chako."

Alinikatia kipande cha kila moja. Hilo halikuruhusiwa.

Baba mkubwa hakujua kusoma, lakini macho yake yalikuwa mazuri, na hapa hapakuwa na maneno ya kusoma. Nilimshikia vile vipande viwili kwenye mlango, kwa jua la saa tisa, nikamwonyesha kijino kwa ncha ya sindano yangu. Nikafungua shati, nikamwambia aniwekee mkono. Alitazama kwa muda mrefu. Hakuweka mkono.

"Basi ni weye," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akawaita watoto, akawaambia wachukue nguo zao. Mimi hakuniita tena katika mambo ya ukoo mpaka alipokufa, na sikulalamika.

Niliwapeleka Kipushi kwa baiskeli, mdogo mbele juu ya chuma, mkubwa nyuma. Kwenye kizuizi askari waliniuliza ni watoto wa nani, nikasema ni wa yaya wangu, wakauliza yaya yuko wapi. Mkubwa ndiye aliyejibu.

Mulamu aliwashusha mmoja mmoja, akawapapasa vichwa, shingo, mbavu, kama anayetafuta palipokatika. Waliingia ndani kwa bibi yao. Mimi nikatoa vile vipande viwili vya karatasi nikampa, nikidhani ni haki yake kuwa navyo. Alivigeuza.

"Ya yaya yako ni gani?"

"Hakuna, mulamu. Zote ni zangu."

Akavigeuza tena. Ndipo nami nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri katika kukimbia kwangu kote: kwamba moyo wa yaya haukuandikwa popote. Hakuna mashine iliyouona, hakuna faili lililoubeba. Ulipiga miaka thelathini na minane na hakuna aliyeusoma.

"Miye niliisikiaka," mulamu akasema. "Kila siku akipumzika nilikuwa naweka sikio pale."

Akanirudishia karatasi zangu. Kisha kwa kidole cha kati akagonga kwenye mbao ya mlango. Mbili za haraka. Kimya. Moja nzito. Mbili za haraka, tena moja ndogo iliyochelewa, kama mtu anayeburuta mguu. Kimya kirefu, mpaka nikadhani amemaliza. Moja.

"Ilikuwa vile," akasema, akaingia ndani kwa watoto wake.